Kibuyu Kilichomruka Ercira

Tangu mumewe Nolberto azikwe, kibuyu cha chai ya yerba, kinachonywewa kwa zamu, kilimruka Ercira. Doña Zunilda, mama mkwe wake, alikijaza maji ya moto, akanyonya kwa mrija wa chuma, akakijaza tena na kumpa binti yake Nelda, kisha kikarudi kwake. Ercira alikaa kando ya jiko la kuni kama kigoda, baada ya miaka ishirini na miwili katika nyumba ile.

Kosa lake lilikuwa kupona. Mwaka ule mianzi ya mlimani ilichanua na kumwaga mbegu, panya wakazaana hadi ndani ya buti. Theluji ilipoyeyuka, yeye na mumewe walipanda kufungua kibanda cha malisho ya kiangazi. Ercira alitaka kunyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke.

"Utatutengenezea tope, mwanamke," alisema Nolberto. "Fagia."

Wakafagia wote wawili, vumbi likawajaa puani. Wiki mbili baadaye Ercira alishikwa na homa siku mbili, akaendelea kukamua ng'ombe. Siku kumi na mbili baada ya hapo, homa ikamshika Nolberto. Mapafu yalijaa maji, akafa njiani kwenda hospitali. Watu wote wa nyumba wakapimwa damu, na damu ya Ercira peke yake ikakutwa na alama za ugonjwa ule.

"Wifi yangu ndiye panya," Nelda aliwaambia majirani. "Anabeba, haugui, anaua wenzake."

Ercira hakuwahi kuiona shule. Pengine ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja asubuhi Maite, daktari wa mifugo, alikuja kukagua mitego ya panya aliyoiweka nyuma ya banda la kuni ili kuchunguza ugonjwa ule. Alisimama uani na barakoa usoni, ameinua kizimba chenye panya wa mkia mrefu. Wanawake watatu walimtazama kutoka mlangoni.

"Huyu tulimpima mwezi uliopita, tukamwachia," alisema. "Virusi anavyo. Leo amenaswa tena, na ameongeza uzito."

"Mbona hafi?" Ercira aliuliza.

"Mwili wake unamjua mgeni, mama, ila hautumi askari wote. Wapo wa kuwatuliza wenzao. Basi virusi vinakaa humo maisha yake yote, vinatoka kwenye mkojo, naye anazaa tu. Mwili wa mtu hukasirika. Askari wake wanaivuruga mishipa ya mapafu, inavuja."

"Kwa hiyo mume wangu aliuawa na askari wake mwenyewe?"

"Kwa sehemu kubwa."

"Na panya anaishi kwa kunyamaza."

Ercira aliwaza jinsi yeye mwenyewe alivyonyamaza miaka yote ile, kichwa kikazidi kuvurugika.

"Mmesikia," alisema Nelda. "Kama huyu hapa."

"Hapana, dada," alisema Maite. "Mtu si panya. Zile alama ni za vita alivyoshinda. Virusi mwilini mwake havipo tena."

"Lakini vilikuwepo. Alimpa kaka yangu."

"Inawezekana. Huku kwetu vinapita hata mtu kwa mtu. Inawezekana pia wote wawili waliambukizwa na vumbi la kibandani lenye mkojo wa panya, mmoja akachelewa kuugua."

"Ipi kati ya hizo?" Ercira aliuliza.

"Sijui, mama. Na sidhani kama yupo atakayejua."

Alifunika kizimba, akaondoka.

Walirudi jikoni. Doña Zunilda alijaza kibuyu, akakishika kwa muda, kisha akamnyooshea Ercira. Ercira alinyonya hadi mrija ukakoroma, akakirudisha. Bibi akakijaza tena na kumnyooshea Nelda.

"Nakwenda kuangalia kondoo," alisema Nelda, akatoka bila kukipokea.

Doña Zunilda hakuufuta mrija. Aliutia mdomoni, akanywa taratibu, macho yake kwenye koti la mwanawe lililokuwa bado limetundikwa ukutani. Ercira alimtazama, asijue kama mama mkwe amemsadiki daktari, au amechoka tu kuishi.