Siku Niliyoiamkia Nyota

Nina duka dogo la vipuri Mkuyuni, na kwa miaka mingi hapakuwa na nembo ya gari la kifahari iliyonipita. Pete nne, chui anayeruka, farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, nyota yenye ncha tatu: nilizitambua zikiwa bado mbali, nikamtajia jirani yangu wa duka ni gari gani kabla halijatufikia. Za kubandika niliuza pia. Wapo walionunua nyota wakaibandika kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, na sikuwacheka, maana niliamini kama wao kwamba nembo ikishakuonyesha gari imekuonyesha na mtu.

Siku mdogo wangu wa kike alipoletewa mahari, nyumbani kwetu Pasiansi, nilipewa kazi ya kupokea wageni getini. Upande wa bwana harusi hatukuwahi kuonana nao. Mdogo wangu alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi.

"Kaka, baba yake ni mtu wa zamani," aliniambia. "Mwamkie vizuri tu, mengine yatakwenda."

Nikamwambia aniachie mimi.

Ilitangulia pikapu kuukuu yenye vumbi la njia ya Usagara. Mbele, pale penye nembo, palibaki matundu mawili ya skrubu. Mzee aliyeiendesha alishusha kioo. Nikajua ameleta viti vya kukodi.

"Vitu vinashushwa nyuma, jikoni," nilisema, huku nikiangalia barabara. Sikumwamkia. Mtoto wa kwetu akimpita mkubwa bila shikamoo anachapwa, na mimi nilikuwa na miaka arobaini.

"Haya," alijibu, akazunguka nyuma.

Haikupita robo saa, nyota ikaingia, nyeusi, inang'aa. Niliikimbilia. Mlango wa mbele ulipofunguka nikaona suti, nikainama na mikono miwili mbele.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Nilipoinua macho niliona kijana mdogo kwangu kwa miaka kumi au zaidi.

"Kaka, mimi dereva tu," alisema taratibu, kama anayenisitiri. "Gari ni la bosi wa bwana harusi, limewaleta akina shangazi. Mzee ametutangulia na pikapu yake. Hajafika?"

Niliona aibu hata masikio yakawaka. Nilizunguka nyuma mbio. Baba mkwe wa mdogo wangu alikuwa ametundika koti kwenye mti wa mpera, anashusha viti kutoka kwenye kirikuu, kigari cha mizigo kilichokuwa kimevileta kweli. Wapishi walimwomba msaada, naye akawasaidia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, kijana. Bado viti sita."

Tulivishusha pamoja, sikuthubutu kumtazama. Ndani, baba yangu alipouliza kama wageni wamepokelewa vizuri, mzee alisema wamepokelewa vizuri sana. Ningefarijika kama angelalamika.

Mahari ilipokelewa, wageni wakaondoka. Mdogo wangu aliniita pembeni. Kumbe aliona yote kupitia dirisha la chumbani. Nilianza kumwomba radhi, nikajitetea kwamba nilidhani ni mtu wa viti.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa angekuwa kweli mtu wa viti, kaka, ungemwamkia lini?"