Mashine Iliyokatiza Salamu

Nakumbuka vizuri asubuhi ile ya mavuno pale Ikungi, mwanangu, nilipovaa shati jeupe kwenda kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, mahali ambapo hata mbuzi akipita hutoka anang'aa mafuta. Nilikuwa na sababu. Mimi, wa darasa la saba, nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, na siku hiyo kikundi cha wakulima kilikuwa kinaamua: ama foleni ipitie kwenye mtambo wangu wa kompyuta, ama watu warudie kupanga magunia mlangoni tangu alfajiri. Nikikubaliwa, mimi ni fundi. Nikikataliwa, nabaki mbeba magunia.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, inakula umeme wa jua. Nilitumia njia ya zamani iitwayo CGI: mkulima anajaza ukurasa kwenye simu yake, seva, ile programu inayopokea ujumbe, inaiamsha skripti na kuikabidhi, skripti inajibu na kurudi kulala. Njia nyepesi, inafaa mashine maskini. Wenye vyeti walikuja baadaye kuniuliza nilifanyaje, lakini tuyaache hayo.

Niliweka kisanduku kimoja tu: una magunia mangapi? Na kwa ubahili wa kutunza kumbukumbu ya mashine, nikaiamuru skripti isome herufi chache za mwanzo, zilizobaki izitupe. Nani anahitaji maneno mengi kutaja idadi?

Kumbe nilisahau nimezaliwa wapi. Kwetu mtu haanzi na shida. Anasalimia, anauliza watoto, mifugo, mvua, ndipo afike kwenye magunia, mwishoni kabisa. Basi waliopata namba za mbele ni madereva wa mjini walioandika tarakimu tupu. Wazee wote, ambao herufi zao za mwanzo zilikuwa salamu tupu, wakajibiwa kwamba hawana mzigo.

Bibi Mwajuma, ambaye neno lake ndilo lilikuwa uamuzi wa kikundi, alikuwa ameegemea mkokoteni wake wa punda uliojaa magunia. Akaninyooshea simu.

"Baba, hii mashine umeizaa wewe?"

Nikasema ndiyo, kifua mbele.

"Basi umeizaa ukaiacha bila kuifunza. Ilipaswa iniamkie, haikuniamkia. Nimeiuliza habari za mama yako, inaniambia sina mzigo. Hawa punda wanavuta nini, upepo?"

Watu walicheka mpaka mwendesha mashine ya kukamua akazima injini asikie vizuri. Jirani wa Bibi, Mzee Ntandu, akasema mtambo wangu unawapenda wasio na adabu. Nilicheka nao, ingawa mgongo wa shati ulikuwa umelowa. Bibi akanipa muda wa punda kumaliza mabua yao.

Nikainama kazini. Seva, mwanangu, haina choyo: kabla ya kukupa ujumbe hukutajia urefu wake. Nikaifunza skripti iulize urefu kwanza, isome wote, isizidishe wala isipunguze. Ujumbe ukizidi uwezo wa mashine, ikatae kwa heshima. Tena ujumbe husafiri umevaa nguo za njiani, nafasi zimegeuzwa alama za kujumlisha; nikauvua. Salamu nikaipa kisanduku chake, magunia chake. Na kwa kuwa mashine haijui umri wa mtu, nikaiamuru iamkie kila mmoja na kumwambia mama hajambo.

Bibi akaandika tena, bila haraka, mvua na mifugo yote. Simu ikajibu: "Shikamoo. Mama hajambo. Magunia yako yamepokelewa."

"Marahaba," akaijibu kwa sauti, uwanja mzima ukisikia. Akawageukia wenzake, akasema kijana apewe ufunguo wa chumba cha mtambo. Leo mitambo yangu iko mpaka Manyoni na Itigi, na nani asiyenijua?

Basi shika haya, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sikiliza ujumbe mpaka mwisho wake, kwa kipimo kilichotajwa. Lakini mgeni hapewi ufunguo wa ghala. Uliyemwomba namba, hakikisha ametoa namba, na maneno yake usiyakabidhi kwa mashine kama amri, maana wako watakaoficha ndani ya salamu amri ya kufuta kila kitu. Ukimchekea nyani utavuna mabua.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, alizeti yako ijae punje, na kila abishaye hodi mlangoni kwako aondoke amejibiwa.