Siku Tuliyompandisha Nesi Nora Ayalandi

Tulikuwa sita siku ile, na wote nawakumbuka. Alikuwepo bibi yangu Perpetua, mzaa mama. Alikuwepo Mjomba Kobelo, mwanawe, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake, ingawa kauli yenyewe aliiomba kwanza kwa Bibi. Alikuwepo dada yangu Tekla, aliyebeba kikapu cha viazi, na mimi Agata niliyebeba kabichi moja tu na kulalamika njia nzima. Alikuwepo Nesi Nora wa zahanati ya misheni, ambaye safari ilikuwa yake. Wa sita alikuja baadaye, nitamtaja akifika. Na ilikuwepo harufu ya siagi ikiyeyuka juu ya viazi vya moto katikati ya ukungu. Mpaka leo harufu hiyo ikinipitia, nasimama.

Nesi Nora alitoka Ayalandi, na ukimwita Mwingereza hakukuitikia. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele rangi ya kutu, anayepanda milima yetu na sanduku lake la dawa kwa kasi kuliko vijana. Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake nikiwa nimetanguliza miguu, na mama alisema wakunga walikuwa wamekwisha kata tamaa. Basi mwaka huo, nadhani nilikuwa na miaka tisa, ikaja barua kwamba mama yake amefariki huko kwao, na amekwisha zikwa kabla barua haijapanda meli. Nesi Nora aliisoma, akaikunja, akaendelea kufunga vidonda vya watu. Ila akaacha kula. Uji alipelekewa, akashukuru, ukarudi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gauni likamning'inia kama limeanikwa. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na kila jioni aliuliza, "Leo amekula?" Tukijibu hapana, naye alikula kwa shida.

Bibi Perpetua akasema, "Huyu amebebeshwa msiba peke yake. Msiba gani hauna watu?" Akafunga kanga yake, akaenda zahanati, nami nyuma yake. Akamuuliza kwao kukoje. Nesi Nora akasema ni vilima vya majani mabichi, ukungu, mvua isiyokwisha, kuta za mawe na kondoo. Bibi akacheka. "Mbona hapo ni Nyasini tu!" Nyasini tulipaita mgongo wa mlima juu ya mashamba yetu ya Kinole, pale msitu unapokatika ghafla na kubaki nyasi na mawe. Akamwambia Jumamosi tutampandisha kwao, akale chakula cha kwao, amlilie mama yake hukohuko. Kisha Bibi akauliza swali ambalo kwetu ni la lazima. "Na watani wenu ni akina nani?" Maana kwetu mfiwa hatolewi msibani bila watani. Babu yangu alipokufa, mtani wetu mmoja Mnyamwezi wa huko Kingolwira aliingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na bibi mwenyewe aliyekuwa hajiwezi kwa kilio akajikuta anacheka.

Nesi Nora, kwa uchovu, akasema, "Labda Waingereza. Tumetukanana nao miaka mingi sana."

Angejua! Bibi alilichukua neno lile kama lilivyo. Alimtuma Mjomba Kobelo kwa Bwana Shamba, Mwingereza aliyekuwa amepiga hema Kinole akipimia watu ngazi za kuchimba kwenye mashamba yao ya mteremko, eti mvua isichukue udongo. Hakuna aliyempenda kwa ngazi zile. Mjomba alitetemeka. "Mama, nimwambie nini?" Bibi akasema, "Mwambie mtani wake amefiwa, na anachelewa."

Jumamosi tukapanda. Sijaona tena asubuhi kama ile. Umande ulituloanisha mpaka magotini, vijito vikiongea chini ya mawe, nyani wakitukemea, kisha miti ikaisha na sisi tukatoka kwenye nyasi kama watu wanaotoka mlangoni. Ukungu ulipita chini yetu na juu yetu. Nesi Nora alisimama. Alishika jiwe moja lenye kuvu, akalipapasa kama mtu anayemtambua ndugu. Akatuonyesha kwa kidole palipo nyumba yao, palipo kanisa, palipo bahari, na wallahi mimi niliviona. Akaponda viazi na kabichi katika sufuria, akachimba kishimo katikati, akakijaza siagi kama kisima. Alituokea mkate wa maziwa ya mgando, makaa juu ya kifuniko. Tukala sisi. Yeye alishika kijiko, akatutazama, akakiweka chini. Bibi aliniminya mkono mpaka nikaumia.

Hapo ndipo alipotokea wa sita, Bwana Shamba, mrefu, jasho tupu, Mjomba nyuma yake akijificha. Bibi hakumpa hata nafasi ya kupumua. "Mtani wako amefiwa na mama yake, nawe unakuja mikono mitupu?" Yule bwana akaganda. Nesi Nora akawa mwekundu, akamweleza kwa Kiingereza, maneno mengi, mikono ikipaa. Mimi nilijua tumekwisha, Mjomba atafungwa.

Bwana Shamba akavua kofia. Akachungulia ndani ya sufuria. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukwama, "Viazi tena? Watu wa kwenu hawajui chakula kingine?"

Tekla akaziba mdomo. Nesi Nora akainuka na mwiko. "Toka hapo, mwizi wa mashamba!" Akampiga nao begani, siagi ikamrukia shati. Na akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, kicheko kikageuka kilio, kilio kile alichokuwa amekizuia tangu barua. Bwana Shamba akaikumbatia sufuria ya moto. "Sitoi mpaka mfiwa ale!" Sijui nani alimfundisha. Bibi alipiga vigelegele. Na Nesi Nora akala, machozi yakidondoka kwenye viazi, akakomba mpaka chini. Baadaye alituchezea ngoma ya kwao, mikono imelala kando, kiuno hakijui kitu, miguu tu ndiyo inayosema. Akatuambia kwao pia, nyumbani kwa marehemu watu hufanya michezo na kucheka. Bibi akajibu, "Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Wiki iliyofuata Bwana Shamba alirudi na kamba zake za kupimia, ngazi ni zilezile. Ila Mjomba Kobelo hakutetemeka tena. "Karibu, mtani, leo umekuja kuiba lipi?"

Siku hizi msitu umerudi nyuma, ukungu unakuja ukitaka, na misibani tunakodi maturubai na spika, watani wachache. Mjukuu wangu Restituta ni nesi huko huko Ayalandi. Mwaka jana mama yake, binti yangu, alipofariki, hakuweza kuja. Alinipigia simu ya picha, nyuma yake vilima vya kijani, nikasema hapo napajua. "Umekula?" Akasema, "Hapana, Bibi." Nikamwambia awaendee wenzake wa kazini, awaambie sisi ni watani wao tangu Nyasini, waje wamtukanie ugali wake. Alidhani nimezeeka vibaya. Lakini alikwenda akasema. Jioni wakaja watatu na sufuria, mmoja akauonja ugali, akauliza kama ni wa kuzibia ufa ukutani. Restituta alinionyesha sahani yake, nyeupe, imekombwa.

Kama yupo aliyekuwa Kinole miaka ile, anisahihishe: huenda haikuwa Jumamosi, huenda kabichi alibeba Tekla. Lakini kwamba Nesi Nora alikula, hapo msiniguse.