Saa ya Aloisi Ilivyorudi Mpya

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa mwali, nimetoka kwetu Kilema, ndiyo kwanza nimeolewa hapa Mwika, na mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi ya kuonyesha kwamba sikuolewa bure. Nikaikuta kata ya baba mkwe wangu, Mzee Romani, imetundikwa jikoni juu ya moto. Ni kata ya kibuyu aliyokuwa akinywea mbege, pombe yetu ya ndizi, nyeusi kwa moshi, imepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa mgomba. Nikaona aibu. Nikachukua mchanga na majivu, nikakaa mlangoni, nikaanza kuisugua.

Mama mkwe wangu, Anasia, alikuwa anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hata hakuutua. Alisimama nao vilevile.

"Wewe mtoto wa Kilema, unafanya nini hapo?"

"Naisafisha, mama. Imechakaa."

"Nani amekwambia imechakaa? Mshono huo aliushona baba yake Romani kwa mkono wake. Hapo palipolika ndipo midomo yao ilipopita, wote. Unawasugua watu, mwanangu. Iache."

Akaninyang'anya, akaitundika mahali pake. Nilinuna hadi jioni. Nilijiambia, huyu mama anapenda uchafu tu. Leo Anasia amelala kule juu ya kihamba, shamba letu la ukoo, Mzee Romani pembeni yake, na ndiyo kwanza nimeelewa alichokuwa ananiambia. Nimeelewa wakati kuelewa hakunisaidii kitu.

Nakuambia hayo kwa sababu ya saa.

Mume wangu Aloisi alikuwa mnoa misumeno katika kiwanda cha mbao pale Njoro, chini mjini. Mwenye kiwanda alikuwa Singasinga, Bwana Harbansi, mtu wa sauti kubwa, lakini mshahara wako hakuuchelewesha hata mara moja. Alipoamua kufunga kiwanda na kuwafuata watoto wake ng'ambo, alivua saa mkononi mwake mbele ya wafanyakazi wote akamfunga Aloisi. "Wewe Aloisi hujawahi kuchelewa," akamwambia. "Sasa angalau utajua huwa unawahi kwa kiasi gani." Watu wakacheka. Aloisi alirudi nyumbani ameinua mkono kama aliyeumia.

Ilikuwa saa ya Uswisi, ya chuma kizito, ya kutia ufunguo kwa mkono kila asubuhi. Sisi hatukujua kwamba ni saa ya matajiri. Aliivaa kanisani, akaivaa akipalilia kahawa, akaivaa akichimba kaburi la jirani. Ukingoni ilikuwa na bonde ililolipata siku gogo lilipomteleza. Na mgongoni kulikuwa na watoto wetu.

Ndiyo, watoto. Kila tulipotoka kubatiza, Aloisi alikaa pale kwenye benchi, akaigeuza saa, akachukua tupa yake ya kunolea misumeno, na kwa ncha yake akachimba herufi moja. Ya Valeria kwanza. Kisha Eugeni. Kisha Prisca. Mwisho Deodati. Mimi niliacha shule mapema nikalee wadogo zangu, na hadi leo herufi ninazozijua vizuri kuliko zote ni hizo nne. Nilijifunzia mgongoni mwa saa.

Eugeni alichukuliwa na surua kabla hajajua kukimbia. Hatuna picha yake. Nguo yake ya ubatizo alizikwa nayo. Alibaki kwenye ile saa, kati ya dada zake wawili.

Miaka ikaenda. Presha ya macho ikamzima Aloisi jicho moja, halafu la pili. Baadaye na kumbukumbu nayo ikaanza kuondoka, polepole, kama mgeni anayeaga chumba kimoja kimoja. Lakini kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitia saa ufunguo, akaigeuza, akapitisha kidole gumba mgongoni. "Valeria. Eugeni. Prisca. Deodati." Halafu, "Wapo wote." Ndipo akaomba uji. Kuna asubuhi aliniuliza mimi ni mke wa nani. Hao wanne hakuwahi kuwakosa. Nami nilikuwa nasimama mlangoni na bakuli namsubiri afike kwa Eugeni, kwa sababu hapa duniani tulibaki wawili tu wa kumtaja mtoto yule.

Kisha saa ikaanza kusimama. Inaenda, inalala, unaitikisa, inaenda tena. Akiisikia imenyamaza sikioni, alihangaika mpaka jasho linamtoka.

Krismasi ikafika, na wewe unajua Krismasi huku kwetu, hakuna anayebaki mjini. Deodati alipanda kutoka Dar na mke wake Glori na watoto. Deodati ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu ndiye atakayebaki na nyumba hii. Ni mtoto mzuri. Naomba ulishike hilo, maana nitakayosema si ya kumsengenya. Aliichukua saa, akaipiga picha kwa simu, akatafuta bei yake mtandaoni, akaruka.

"Mama! Baba amekuwa akilimia mgomba na saa inayozidi bei ya gari langu!"

"Gari lako lenyewe linasukumwa," Valeria akamjibu, na nyumba nzima ikacheka.

Nikamwambia, "Deo, ipeleke kwa fundi pale mjini aifungue, aitie mafuta, basi."

"Fundi wa barazani aguse hii? Mama, hii inarudi kwao. Kampuni bado ipo. Wana wakala wao Dar."

Akapiga simu palepale, akaiweka sauti nje. Dada mmoja mwenye maneno laini akauliza, "Na mngependa irudi katika hali gani?"

"Irudi kama siku ilipotoka kiwandani," Deo akasema.

Mimi niko jikoni nakoroga mtori. Nikapaza sauti, "Waambie wasiguse mgongo!"

"Mama bwana! Hawa ndio walioizaa. Unataka kumfundisha padri misa?"

Wakacheka wote. Aloisi naye akacheka, hajui kinachochekwa.

Saa ikaenda. Asubuhi zile Aloisi alikaa ukingoni mwa kitanda akasugua kiganja kitupu. Nilimwambia imekwenda kwa fundi, akaitikia, akasahau, akauliza tena. Alianza, "Valeria..." kisha kidole kikapotea njia kwenye ngozi. Nikamwambia vumilia, baba Valeria, inarudi.

Ikarudi Pasaka. Deo aliileta ndani ya sanduku zuri ambamo ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Ilikuwa nyeupe kwa kung'aa. Uso wake, uliokuwa umegeuka rangi ya chai, walikuwa wameuondoa wakaweka mwingine. Mishale mipya. Lile bonde la ukingoni halipo. Ikapita mkono kwa mkono, Glori akaipiga picha, wajukuu wakajitazama ndani yake kama kwenye kioo. Ilikuwa inatembea vizuri, mwanangu, sitasema uongo. Tangu siku ile haijasimama na haijakosea. Wametupa na dhamana ya miaka. Ukiniuliza kama walifanya kazi nzuri, nitakwambia ilikuwa kazi nzuri sana, na hapo ndipo ninapokosa mtu wa kumlaumu.

Mimi niliigeuza. Mgongo ulikuwa laini kama yai.

Deo alikuwa ameshapiga magoti mbele ya baba yake. "Shikamoo, baba. Saa yako hii, imepona."

"Marahaba." Aloisi akaipokea, akaisikiliza, uso ukafunguka. Akaitia ufunguo. Akaigeuza. Kidole gumba kikaenda mahali pake. Kikaenda, kikarudi. Akaisugua kwa nguvu, kama anayefuta matope. Akajaribu pembeni.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Yako, baba. Ile ile."

"Hapana. Yangu ina watu."

Akaishika kwa vidole viwili, kwa adabu, akamrudishia Deo. "Mpelekee mwenyewe. Atakuwa anaitafuta."

Deo alitoka nje na simu. Nilimsikia anapiga kelele uani, halafu sauti ikashuka, halafu akawa anasema tu ndiyo, ndiyo, naelewa. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka mochwari. Walimwambia mgongo ulikuwa umekwaruzwa vibaya, kwa hiyo mafundi waliulainisha mpaka mikwaruzo ikaisha, wala hawakumtoza chochote kwa hilo. Walidhani anapiga kushukuru.

Kesho yake aliitafuta tupa ya baba yake kwenye banda la ng'ombe. Akajaribu kuzichimba upya. Mkono wa mtu wa ofisini, chuma kikamkataa, akajikata kidole. Alipata V iliyopinda na nusu ya E. Akampelekea mzee. Aloisi akapapasa, akauliza kwa upole, "Mtoto gani amechezea saa ya watu?" Deo akaiweka tupa chini.

Hapo ndipo alipofanya jambo la kiume. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale, akalifunga fundo kama wazee wetu wanavyolifunga. Sisi huku, ukimkosea mtu na maneno yamekuishia, unampelekea isale, naye hana ruhusa ya kulikataa. Hata aliyemwaga damu huja nalo. Deo akaingia chumbani, akapiga magoti, akaliweka mkononi mwa baba yake. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji.

Vidole vya Aloisi vililijua mara moja. Akakaa wima, mzee kabisa, kama alivyokuwa akikaa kwenye baraza za ukoo.

"Hili ni isale. Umemkosea nani, kijana?"

"Nimekukosea wewe, baba."

"Mimi? Sikumbuki kosa. Wewe ni wa kwa nani?"

"Mimi ni Deodati, baba. Mwanao."

Aloisi akainamisha kichwa, akatafuta. Nilimwona anatafuta, mwanangu, kidole gumba kinasugua lile fundo la jani, kinasugua, na hakuna herufi.

"Isale nimelipokea," akasema mwisho. "Chochote ulichonikosea, kimekwisha. Sasa nenda nyumbani, kijana. Baba yako atakuwa anakungoja."

Deodati alitoka chumbani. Akaketi jikoni, palepale ilipokuwa ikitundikwa kata ya babu yake, akalia kama siku nilipomwachisha ziwa.

Sasa saa iko kabatini, naitia ufunguo mwenyewe, inafika saa sita pale pale saa sita inapofika. Asubuhi mimi ndiye nakaa pembeni ya Aloisi, nashika kidole chake, naandika kwenye kiganja changu zile herufi nne, nayataja majina. Huwa ananisikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani. Nikifika kwa Eugeni huuliza, "Huyo ni wa nani?" Namjibu, "Wetu." Anasema, "Pole, mama." Kisha anaomba uji. Sina cha kuongeza hapo. Nimesali rozari juu ya jambo hili mpaka nimechoka kusali.

Kwa hiyo nisikilize, wewe ambaye kesho utachukua kitu cha mzee wako ukipeleke kwa hao mafundi wakubwa kwa nia njema, kama Deo. Usiipime kazi yao kwa jina la kampuni, wala kwa sanduku, wala kwa kung'aa. Kung'aa ni rahisi. Kabla hujakitoa nyumbani, kaa na mwenyewe, mtazame anavyokishika, ujue vidole vyake vinakwenda wapi. Hapo palipokwaruzika, muulize pana nini. Halafu uwaambie mafundi kwa mdomo wako: watengeneze kilichokufa ndani, na huku nje wasiguse, na chochote wanachokitoa wakurudishie, hata kama kimeoza. Wakikuahidi kitarudi kama kipya, kichukue urudi nacho nyumbani. Afadhali kikae kimesimama mkononi mwa anayekijua. Na kikirudi usikitazame wewe, usikipige picha. Kitie mkononi mwa mwenyewe, unyamaze, umwache yeye aseme kama ni chake. Hakuna fundi wala dhamana itakayokuambia hilo, ni yeye tu.

Na mama akipaza sauti kutoka jikoni, zima simu kwanza, umsikilize.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe wazee wa kukaa nao na watoto wa kukutaja. Na siku macho yako yatakapozima, mikono yako ikute kila kitu pale ulipokiacha.