Fundi Yasuzo Arekebisha Chumba

Katsuragi Yasuzo alivaa suti. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mengine yote ya siku ile yalitoka kwenye akili ileile iliyomwambia mzee wa miaka sitini na minane kwamba kwenda kisiwani kutazama sanaa ya kisasa, mwezi wa nane, jua la utosi, kunataka suti ya kijivu na tai. Kwenye feri ya saa mbili asubuhi wenzake wote walikuwa na kaptura na chupa za maji. Binti mmoja mwenye kamera alimpisha kiti.

"Babu, unakwenda harusini?"

"Naam," akajibu Yasuzo, kwa sababu kusema kweli kulimtia haya.

"Ya nani?"

"Ya mjukuu."

Benchi zima likampongeza. Mama mmoja akamtilia mfukoni peremende za chumvi, ampelekee bibi harusi. Yasuzo akainamisha kichwa kushukuru, huku akijisema moyoni: Yasuzo we, hata nanga haijang'oka vizuri, umeshamwoza mjukuu usiye naye.

Hakuwa na mjukuu kwa sababu hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho, kwa miaka kumi na mmoja, ni mwanafunzi wa kazi. Nomiyama Chigusa alikuja dukani kwake Okayama akiwa na miaka ishirini na mbili, akajifunza kukata, kushona na kulaza mikeka ya tatami, ile minene inayojaza sakafu nzima ya chumba, mpaka mshono wake ukawa haupindi hata kwa dawa. Halafu siku moja akamwonyesha fundi wake kitu alichokifuma kwa majani yaliyobaki, akasema anataka kukipeleka kwenye maonyesho. Duka lilikuwa limejaa wateja. Yasuzo akasema kwa sauti ya watu wote: "Mkeka ni wa kukalia. Anayetaka kutazamwa aende sarakasi." Wateja wakacheka. Kesho yake Chigusa hakuja, na sindano zake alikuwa ameziacha zimesafishwa, zimepangwa kwenye kitambaa.

Hiyo ilikuwa miaka mitano nyuma. Sasa jina la Chigusa lilikuwa limechapwa kwenye kijitabu cha tamasha la sanaa la kisiwa cha Nagusa, ukurasa wa kumi na saba: Chumba cha Mikeka Sita. Yasuzo alikuwa na mpango. Angeingia kama mtalii mwingine yeyote, atazame, aandike kwenye daftari la wageni neno moja, "Nilikosea," na jina lake chini. Kisha angekimbilia feri ya saa kumi kabla mtu hajamwona. Neno hilo alilifanyia mazoezi wiki tatu mbele ya kioo cha kunyolea ndevu, na kila mara alipofika "nili" aliishia kunyoa ndevu. Ndiyo maana akaona heri kuliandika.

Kwa kuwa uoga haupandi kilima haraka, alianza na sanaa ya wengine. Ghalani alikuta ndoo mia za buluu zinaning'inia darini. Akasimama mikono nyuma, akatikisa kichwa kama alivyoona wengine wakitikisa, akaelewa kwamba zile ni ndoo. Kwenye nyumba ya pili palikuwa na giza totoro, watu wanaingia kwa kupapasa ukuta, naye akagonga nguzo akaiomba radhi mara mbili. Uchochoroni, nje ya ua mmoja, alikuta kazi iliyomgusa kweli: magogo yamepasuliwa na kupangwa safu kwa safu, yote sawasawa, hata kifundo hakikutokeza. Hapa sasa pana mtu anayejua kazi, akawaza. Akaitazama dakika kumi. Akasogea kando aione upande wa pili. Hatimaye dirisha likafunguliwa na mzee mmoja aliyevaa fulana akamwuliza kama anataka kununua kuni, maana zile ni za kuchemshia maji ya kuoga na haziuzwi.

"Nilidhani ni sanaa," akasema Yasuzo.

"Mke wangu hunambia ni uchafu," akasema yule mzee. "Rudi kesho umweleze."

Saa saba ilimkuta juu kabisa ya kijiji, mbele ya nyumba kuukuu ya mbao. Mlangoni alikaa Bi Sugie, mwanamke wa kisiwani wa miaka sabini na kitu, mwenye aproni na kofia pana, mlinzi wa kazi ile kwa zamu.

"Karibu, vua viatu, usiguse kitu," akasema Bi Sugie. "Hakuna mtu ndani, jinafasi. Mimi nakwenda mara moja kuchukua chai baridi, kuna mgeni mmoja nusura anizimie mlangoni. Na wewe mwenyewe, mjomba, hiyo suti utatozwa ushuru ukiivua?"

Yasuzo akavua viatu, akavigeuza vielekee nje, akaingia.

Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha moja limefunikwa kwa karatasi, mwanga hafifu, na chini mikeka sita. Ndiyo hiyo tu. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya majani. Yalikuwa mapya, yamekazwa bila kubinya, na mshono wa ukingo ulikwenda sawa toka pembe hadi pembe. Ulikuwa mkono wa Chigusa. Fahari ikampanda mzee wa watu mpaka machoni, akasahau kabisa daftari la wageni.

Halafu akaona pembe.

Mikeka ya chumba hupangwa kwa kupishana, ukingo wa mmoja ukikingama na tumbo la mwingine, ili pembe nne zisikutane mahali pamoja hata siku moja. Zikikutana zikafanya msalaba, hicho ni chumba alicholazwa maiti. Mtoto wa fundi hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Na hapa mikeka yote sita ilikuwa imelala upande mmoja, misalaba miwili katikati, mchana kweupe, na watu wanaalikwa waingie.

Jasho likamtoka Yasuzo, la suti na la hasira. Vibarua, akawaza. Wale vijana wa kubeba makontena, wametupiwa mikeka ya watu wakaipanga kama matofali, na Chigusa wa watu hajui. Watakuja wajuzi kutoka Osaka, watasema mwanafunzi wa Katsuragi hajui hata kulaza mikeka. Mara ya kwanza mimi ndiye niliyemtia aibu mbele za watu. Ya pili siiachi ipite nami nipo. Wahenga wamesema penye wazee haliharibiki neno. Na kulabu yake ya kuinulia mikeka ilikuwa ipo mfukoni mwa ndani, kwani tangu astaafu hajawahi kutoka nyumbani bila hiyo, kama wengine wasivyotoka bila miwani. Miwani ndiyo aliyoisahau.

Akavua koti, akakunja mikono ya shati. Haikuwa kazi kubwa. Safu ya juu ilikaa vizuri, ni ile minne ya chini tu iliyotaka kugeuzwa: miwili isimame kingoni, miwili ilale katikati. Mkeka wa zamani una uzito wa mtu mvivu, na mgongo ulimkumbusha umri wake kwa kila mmoja. Alipolaza wa mwisho ukabakia upenyo upana wa ukucha ukutani. Chumba cha nyumba ya kale hakina pembe sawa, na kila mkeka hukatwa kwa mahali pake na si pengine. Fundi mwenye akili timamu angeuona ule upenyo akajiuliza: kwani hii ilikatiwa wapi? Yasuzo aliuona, akaukanyaga kwa kisigino.

Aliponyoosha mgongo akakuta watu wawili mlangoni, kijana na mchumba wake, wamesimama kimya na vijitabu vyao.

"Samahani," kijana akanong'ona, "onyesho huwa linaanza saa ngapi? Tumekosa mwanzo."

"Sina onyesho mimi. Narekebisha."

Kijana akamgeukia mchumba wake. "Anarekebisha," akasema kwa heshima kubwa, na yule binti akaandika.

Hapo ndipo Bi Sugie aliporudi na birika. Akatazama chini. Akalitua birika pole pole.

"Mjomba," akasema, "umefanya nini?"

"Ilikuwa imepangwa kama ya msiba, bibie. Nimeiweka sawa. Usishukuru."

"Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Watu wanapanda feri kuja kuiona ilivyopangwa vile. Mimi nilimwona msanii mwenyewe akiilaza, siku tatu, peke yake, hataki kusaidiwa." Alikuwa tayari ameshika simu. "Haloo, Chigusa, mwanangu? Njoo. La, hakijaungua. Kuna mzee amekitengeneza."

Yasuzo alisikia jina hilo akatafuta pa kukimbilia. Alifikiria dirisha, lakini lilikuwa na karatasi ya msanii. Alifikiria mlango, lakini ulikuwa na wapenzi wa sanaa. Likabaki kabati la ukutani la kuwekea matandiko. Msinicheke mimi, mchekeni yeye, maana alikuwa ameshaingiza mguu mmoja baiskeli ilipofunga breki nje na Chigusa akaingia anahema, nywele zimefungwa kwa kitambaa.

Alitazama mikeka kwanza. Kisha akaitazama kulabu. Mwisho akamtazama mwenye kulabu.

"Fundi," akasema.

"Nilikuwa napita," akasema Yasuzo, mguu kabatini.

"Kisiwani?"

"Kwa feri."

Hakuna aliyecheka. Yasuzo akautoa mguu, na kwa kuwa kugomba ndiko alikokuzoea, akagomba. "Nimekufundisha miaka kumi na mmoja. Nani kakuambia ulaze hivi watu wakiwa hai? Nilikuonyesha mara moja tu, siku mke wangu Setsuko alipofariki, nikakwambia usiilaze tena mpaka pawe na maiti. Sasa humu kafa nani?"

Chigusa alikaa magotini ukingoni mwa chumba, akafuta jasho kwa kitambaa.

"Nilirudi dukani, Fundi. Mwaka juzi, mwezi wa pili. Nilikuja na maandazi ya maharage unayoyapenda, nimejiandaa hata kutukanwa. Nikakuta pazia la chuma limeshushwa na karatasi: tumefunga, ahsanteni kwa miaka tisini na mitatu. Basi. Hukumwambia mtu. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wanatoa meza ya babu yako mlango wa nyuma. Nikawaomba mikeka ya chumba cha ndani, pale ulipokuwa ukila chakula. Wakanipa, wakaona nimewapunguzia mzigo."

Yasuzo akakunjua mikono ya shati.

"Kila mtu akifa hufukiziwa hata ubani," akasema Chigusa. "Lile duka halikuliliwa na mtu. Nikaikata ienee chumba hiki, nikaivisha majani mapya, nikailaza inavyostahili. Nilitaka wapite watu wasiolijua, wasimame kidogo. Ndiyo kazi yangu yote. Haina kingine."

Yasuzo akaishika pembe ya mkeka aliokuwa ameutupa kama gunia robo saa iliyopita, akaiinua kidogo. Kule chini, kwenye majani makavu meusi, palikuwa na alama ya wino ya mahali pake, kwa mwandiko wa baba yake. Miaka sitini amelala juu ya mikeka hii, amekula chakula juu yake, na leo ameibeba yote minne asiitambue kwa kuwa alikuwa na haraka ya kusahihisha. Ujinga mwingine wote wa siku ile aliweza kuucheka. Huu ulimkaa kifuani.

"Nilikosea," akasema. Neno lilitoka lote, bila kioo. "Si leo tu, ingawa na leo. Siku ile, mbele ya wateja. Ulileta kitu kizuri nikakiogopa. Nilikosea, Chigusa."

"Ndiyo, Fundi. Ulikosea." Alivuta pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga. "Shika upande huo. Watu wanangoja."

Wakailaza upya, mkeka baada ya mkeka, bila kuongea, kila mmoja akijua mwenzake ataweka mkono wapi. Yasuzo hakuwahi kuipanga hivyo ila mara moja maishani, na vidole vilisitasita pembe zilipoanza kukutana. Upenyo wa ukutani ukajifunga wenyewe. Wale wachumba wawili walisimama mpaka mwisho na hawakuandika kitu tena.

Bi Sugie alikuwa na daftari lake la zamu. Kila aliyegusa kazi ilikuwa lazima aandikwe.

"Jina kanitajia Chigusa, Katsuragi," akasema. "Hapa wanataka na uhusiano wake na kazi. Niandike nini? Mharibifu?"

"Andika mfiwa," akasema Chigusa.

Bi Sugie aliiweka kalamu chini. Amezika wengi kijijini mwake, na watu waliobaki kule ni wachache kuliko waliozikwa. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye ukingo wa chumba, akaweka viganja sakafuni na kuinama mpaka chini, kama anavyoinama kwenye kila nyumba anakokwenda kuhani.

"Pole sana kwa msiba, baba," akasema. "Alikuwa na miaka mingapi?"

Yasuzo akainama kumjibu, na hakuweza kuinuka mapema.

"Tisini na mitatu," akasema, akaanza kulia.