Kazi ya Kusitiri Ngozi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa brashi wala rangi. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Ukunda, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisukumia kiti cha gari kilichong'olewa, cha ngozi nyeusi, akaniamuru nikinuse. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikainama, nikanusa.

"Umesikia harufu gani?"

"Mafuta ya nazi, mzee."

"Basi hicho kimekwisha. Na mwenyewe alidhani anakitunza."

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huo. Nywele zetu, miguu yetu, hata bawaba ya mlango inayolia, vyote tunavipaka mafuta ya nazi. Ngozi ya kiti huyanywa ikalainika siku mbili tatu, mwenyewe akafurahi. Baadaye mafuta huchacha, kuvu likaingia, na uzi wa mshono ukaoza kwa ndani bila mtu kujua. Nyinyi vijana mnaojifunza kazi hii kwa kutazama video, anzeni kwa pua. Simu haina pua.

Magari ya Diani yalitupa kazi nyingi. Mgeni hutoka baharini na nguo mbichi akakaa, chumvi ikaingia ngozini, kisha gari likaegeshwa juani mchana kutwa. Ngozi nyeusi ikaota ukungu wa kijivu na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Tuliiosha kwa sabuni laini, tukaianika kivulini, tukaisugua kwa msasa mwepesi. Nyufa tulizijaza kwa dawa nzito kama uji, na hapo ndipo rangi ilipofuata, kwa sponji, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingoja mwenzake ikauke. Mwisho nta ya nyuki, kuzuia chumvi isirudi. Wenye haraka hawakuiweza kazi hiyo, na wengi walikuwa na haraka.

Siku moja nilijisifu kwamba tumekifufua kiti. Fundi Mkuu akanikemea mbele ya wateja.

"Astaghfirullah! Anayefufua ni Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi tunasitiri tu."

Tangu siku hiyo neno letu likawa hilo, kusitiri, kufunika aibu ya kitu isionekane. Lakini mzee alikuwa na mpaka wake. Kiti tulikisitiri, kwa sababu kikipasuka aliyekikalia ataangukia sponji. Mshipi wa ngozi unaobeba uzito wa mtu, kama wa kupandia nguzo, hatukuusitiri kamwe. Ukiletwa nao umechoka, alichukua kisu akaukata vipande viwili mbele ya mwenyewe, hata mwenyewe akipiga kelele. "Nikimrudishia mzima, kesho atajaribiwa kuuvaa," alisema. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Alipofariki, karakana ikafungwa. Nikaajiriwa na hoteli moja ya ufukweni, chini ya Meneja wa Matengenezo, mtu wa bara, mchangamfu, asiyependa kuambiwa kwamba jambo haliwezekani. Kazi yangu ilikuwa viti vya magari yake ya wageni na makochi meusi ya baa, ambayo mafuta ya kujikinga na jua yaliyavua rangi kila msimu. Mshahara ulifika kwa wakati. Nilinenepa, sitaki kuficha.

Hoteli ilikuwa na minazi mingi, na nazi ikimwangukia mgeni ni msiba. Kwa hiyo ilimwajiri mkwezi, mtu wa kupanda na kuziangua. Aliitwa Hamisi, wa Bongwe, mcheshi, mwembamba, mwenye nyayo ngumu. Alipanda kama baba yake alivyopanda, kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, mkono mmoja ukishika mti na mmoja ukishika panga. Meneja hakuridhika na upandaji huo. Akamtolea stoo mshipi mweusi wa ngozi wa kuzungushia mnazi, akamwagiza auvae kila siku. Hamisi aliupenda mshipi ule. Akauzoea kiasi kwamba alikuwa akifika juu, anajiegemeza nyuma na kuachia mikono yote miwili, huku akituimbia sisi tulio chini.

Nao akautunza. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, aliupaka mafuta ya nazi.

Uliletwa mezani kwangu msimu wa tatu. Niliunusa kabla ya kuugusa. Nikaukunja karibu na bizimu, pale chuma cha kufungia kinapouma ngozi, nikaona ufa. Uzi nao ulikatika kwa ukucha. Nikaenda kwa Meneja.

"Mshipi huu umeoza, bwana. Haufai ila kukatwa."

"Fundi, wakaguzi wanakuja kesho kutwa. Hiyo mshipi ipige rangi, ikae smati. Nyingine nitaagiza Nairobi."

"Na Hamisi akiuvaa?"

"Nitamwambia asipande mpaka nyingine ifike. Wewe fanya yako."

Nikafanya yangu. Nikajaza ufa, nikatia tabaka nne za rangi nyeusi na nta juu. Nilijiambia kwamba kabla jioni haijafika nitamtafuta Hamisi mwenyewe. Sikumtafuta. Alikuja yeye, kesho yake saa nne asubuhi, wakati wa chai.

"Lo! Fundi, umeufanya mpya!" Aliupitisha kiganjani, akaupeleka puani, akacheka. "Hata harufu umeitoa. Mwenyezi Mungu akulipe mkono huo."

Kulikuwa na watu wawili watatu pale, wote wakinitazama kwa sifa. Nilitaka kusema. Wallahi, maneno yalinifika mdomoni. Badala yake nikasema, "Ahsante, ndugu yangu," nikaendelea kunywa chai.

Meneja alisahau kumwambia. Wakaguzi walikuja, wakaandika vizuri, wakaondoka. Mshipi kutoka Nairobi ulikuwa bado haujafika Hamisi alipopanda mnazi wa karibu na jiko, akafika juu, akajiegemeza nyuma na kuachia mikono. Bila mshipi ule asingeachia mikono. Jambo hilo nimelala nalo na kuamka nalo mpaka leo.

Alikata roho njiani, gari halijafika hospitali ya Msambweni. Mazishini Bongwe kaka yake alisimama akatushukuru sisi wa hotelini, akasema, "Mmekuja kutusaidia kumsitiri ndugu yetu, Mungu awalipe." Ndivyo tusemavyo kwetu, maiti husitiriwa. Nilikuwa nimeshika sepetu. Nilijua kwamba mimi nilikuwa nimeanza kazi hiyo mapema, mezani kwangu, kwa sponji. Meneja alinivuta kando baada ya dua.

"Mambo ya ile mshipi tuyaache hapo, fundi. Haitamrudisha."

Tukayaacha hapo. Mwaka uliofuata nikaacha kazi, nikafungua kibanda Kombani, kando ya barabara ya Kwale. Humo nimesitiri viti vya magari miaka mingi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwaka huu, nikiwa nimekwisha kuuza nusu ya vyombo vyangu kwa sababu macho hayaoni tena mshono, alibisha hodi mwanamke mzima mwenye leso mbili. Nilimtambua kabla hajakaa. Ni Mwanamisi, mjane wa Hamisi. Akatoa mfukoni mshipi mweusi, umekatika penye bizimu.

"Walinirudishia na nguo zake," alisema. "Sasa mkwe wangu naye ni mkwezi, anapandia wenye majumba kule Kinondo. Anauliza kama utaungika. Nikasema nije kwako wewe uliyeupaka, nisikie utasema nini mara hii."

Niliupokea, nikautazama ulipokatika. "Haufai, Bi Mwanamisi. Na siku ile pia ulikuwa haufai. Nilijua, nikaupaka, nikamrudishia, na akanishukuru."

Lori la mchanga likapita, vumbi likatuingia.

"Nje ulikuwa mweusi unang'aa," alisema mwisho. "Pale ulipokatika, ndani ulikuwa umekauka kama kumbi la nazi. Mke wa mkwezi atashindwa kujua kitu kilichooza? Nilijua siku ileile."

"Mbona hukunisema?"

"Wa kusema ulikuwa wewe. Mimi nilikaa nikikungoja. Watoto wakiuliza, nawaambia ni kudura ya Mungu. Miaka yote hii nimekusitiri, fundi, nami nimechoka."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenipa, wala hakusema amenikatalia. Alinyoosha kidole kwenye kisu kilichokuwa juu ya meza.

"Basi ukate."

Vijana, nimeombwa niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa, na hii ndiyo ya mwisho niliyoifanya kabla ya kufunga kibanda. Ngozi ilikuwa ngumu na kisu changu kimekuwa butu, kwa hiyo ilinichukua muda. Niliukata mshipi wa Hamisi vipande viwili, mbele ya mwenyewe, kama nilivyofundishwa.