Breki Anachagua Mama

Juzi, kwenye duka la spea hapa Kigoma mjini, mbele yangu alisimama mama mmoja anayeleta mawese kutoka Ilagala kwa pikapu. Muuzaji alimwekea kwenye kaunta diski za breki zinazong'aa, zenye matundu.

"Hizi ndizo za kisasa, mama. Lakini muulize kwanza mzee."

Mzee mwenyewe, yaani mumewe, alikuwa ameegemea mlango, ufunguo wa gari mkononi, akitazama barabarani.

Mama alipitisha kidole kwenye yale matundu, akazisukuma zirudi. "Mwanangu, pipa la mawese lisipojaa, ukishika breki mteremkoni mafuta yote yanakuja mbele, yanalisukuma gari. Mimi hukaa nyuma na mapipa, nayasikia. Hizi zikipata moto na mzigo ule zitapasuka. Nipe nene, zisizo na matundu."

Muuzaji hakuridhika. "Mzee, unasemaje?"

Mzee akatabasamu kama mtu aliyesifiwa mwanawe. "Breki anachagua yeye. Mimi nakanyaga tu."

Wanaume wa mji huu tunajisifia mwendo. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akijivunia kusimama.